Jumatano Haina Mtu

14 Januari

Mama,

Shikamoo. Barua yako imefika jana, nikaisoma nimesimama nje ya ofisi ya posta kwa sababu nilijua nikiifungulia nyumbani mjukuu wako ataichungulia.

Umeuliza swali moja mara nne: tangu jirani yetu wa chumba cha pili ahame, mtoto akitoka shule anakaa na nani? Nakujibu mara moja ili utulie. Darasa la pili wanatoka saa saba. Mimi kwenye chumba cha pasi natoka saa kumi na moja na nusu, mashine zikiwa hazijatuchezea. Hapo katikati nimempatia mahali. Pana paa zuri, pana mabenchi, pana maji ya kunywa na choo kinachosafishwa mara tatu kwa siku. Watu wazima hawakosekani. Mlangoni kuna mlinzi mwenye kirungu. Tena ni karibu na kazini kwangu kiasi kwamba nikipanda kwenye kreti la sabuni namwona kupitia dirishani.

Naomba usimwandikie mwanao maneno ya kumtia hofu. Yuko kule kwenye bomba la mafuta anachomelea vyuma juani, mkataba umebakiza miezi kumi na minne, na mtu mwenye hofu hashiki moto vizuri.

Chiriku hajambo. Ameng'oka jino la mbele na sasa anapiga mluzi bila kutaka. Anakusalimia.

Mkweo,
Mama Chiriku


29 Januari

Mama Chiriku,

Marahaba. Nimesoma barua yako mara mbili, mara ya pili nikiwa na miwani. Umenieleza paa. Umenieleza choo. Umenieleza mpaka kirungu cha mlinzi. Hukunieleza ni nani anayemwangalia mtoto.

Mimi nimepika shule ya bweni miaka thelathini na moja. Watoto mia mbili kila mchana wamepita mbele ya upawa wangu, na mtoto anayesema "nimekula" bila kusema amekula nini, huyo hajala. Kwa hiyo usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Niambie ni nani.

Nakukumbusha tulivyokubaliana, wewe, mimi na mwanangu, asubuhi ile kabla hajapanda gari la kampuni. Muhula wa kwanza ukifungwa na mtoto hana mtu mzima wa kumwangalia mchana, anakuja kukaa kwangu mpaka baba yake arudi. Siku hiyo hukusema hapana. Muhula unafungwa tarehe nne Aprili.

Nyumba hii ina vyumba vitatu na kuku saba, na siku hizi mimi naongea na kuku. Kitanda chake nimeshakitandika. Sikutishi, nakuarifu tu kwamba kimetandikwa.

Bibi yake Chiriku


11 Februari

Bibi,

Shikamoo. Mwandiko umepinda kwa sababu naandikia juu ya goti. Niko kliniki. Mama hajui kama nakuandikia. Barua ataiweka posta dada mmoja ambaye mtoto wake amechomwa sindano, amesema ni njiani kwake.

Kila siku nikitoka shule nakuja kliniki. Nachukua kibao cha namba dirishani halafu nakaa benchi la nyuma. Mama amesema nisiongee na watu, nisikimbie, nisicheke kwa sauti, nikae kimya kama wagonjwa wengine. Namba yangu ikikaribia nabadilishana na mtu mwenye mtoto anayelia. Mimi nampa yangu, yeye ananipa yake ya nyuma. Wanasema Mungu akubariki. Jana nimebarikiwa mara nane. Kwa hiyo mpaka leo sijaingia kwa daktari.

Mama ananipungia mkono kwenye dirisha la kule wanakofua. Mimi sipungi, kwa sababu wagonjwa hawapungi.

Sasa najua kukaa bila kusema. Hata darasani sisemi. Mwalimu ameniuliza kama koo linaniuma, nimetikisa kichwa.

Kuku wako bado ni saba? Usimwambie mama.

Chiriku


20 Februari

Mama Chiriku,

Mtoto anaumwa nini?

Nina barua yake mkononi. Kila siku kliniki, kila siku, na hajamwona daktari hata mara moja kwa sababu ana moyo mwepesi na anawapa watu namba yake. Wewe mama yake uko wapi? Unapunga mkono dirishani? Mtoto wa miaka minane anajipeleka mwenyewe hospitali, sauti imemkauka mpaka mwalimu ameona, na wewe unaniandikia habari za jino.

Ni kifua? Ni koo? Ni kitu ambacho watu hawakitaji? Niambie ukweli hata kama ni mbaya. Sijapata usingizi wa maana tangu juzi. Nimemwandikia na baba yake.

Nijibu siku hiyohiyo.

Bibi yake


3 Machi

Mama,

Shikamoo. Kaa chini kwanza. Mtoto haumwi. Hajawahi kuumwa, si koo, si kifua.

Kliniki ndipo mahali nilipokwambia. Paa, mabenchi, maji, mlinzi, vyote vipo. Ni jengo la wagonjwa wa nje, mkabala na kwetu kwenye ufuaji. Jirani alipohama nilizunguka wiki nzima kutafuta mtu nikakosa. Kumfungia ndani na kumwachia ufunguo sikuweza. Kumleta chumba cha pasi msimamizi hataki hata kusikia, na hapo ana haki, kule kuna maji ya moto na dawa za kuondolea damu. Basi nikafikiri, ni wapi ambapo mtoto anaweza kukaa mchana kutwa na mtu asimuulize anafanya nini? Kwenye foleni ya daktari. Habari ya kubadilishana namba ni akili yake mwenyewe, mimi nilimwambia achukue kibao tu. Kila nilichokuandikia kilikuwa kweli, na barua nzima ilikuwa uongo. Naona aibu, Mama. Nisamehe.

Sasa nikumalizie, maana utasikia kwingine. Jumatatu iliyopita ilinyesha tangu asubuhi na wagonjwa walikuwa wachache. Kufika saa tisa benchi zima alikuwa amebaki yeye peke yake, hana wa kubadilishana naye. Muuguzi akaita namba. Nilikuwa nimemfundisha kwamba muuguzi akikuita unaitika, basi akaingia. Daktari akamuuliza, unasumbuliwa na nini? Akajibu, "Mama hajatoka kazini." Tangu lini? "Tangu Januari."

Daktari akayaandika vilevile kwenye kadi. Halafu akaja nayo mwenyewe mpaka chumba cha pasi, mkono mmoja kadi, mkono mwingine mtoto. Hakunifokea. Ningependa angenifokea.

Ijumaa nimeitwa kwa afisa wa ustawi wa jamii, mama mmoja mwenye sauti ya taratibu anayepiga muhuri kwa nguvu. Amenipa mpaka siku ya kufunga shule. Nimpelekee mpango wa maandishi, siku tano za wiki, kila siku na mtu mzima wake na sahihi yake. Nikishindwa, mtoto anakwenda kwa ndugu wa karibu, na ndugu huyo ni wewe. Fomu utaletewa.

Mimi nimeshapiga moyo konde. Kitanda chako ni kizuri na najua unampenda, lakini simleti. Nimemzaa ili nikae naye. Baba yake hayupo, nikimwondolea na mama, atabaki na nani wa kumfahamu akinuna? Mwalimu mkuu amekubali tutumie darasa moja mchana, maana saa saba madarasa yote yanabaki matupu. Sharti lake ni kama la afisa, mtu mzima kila siku bila kukosa. Nitawapata.

Mkweo,
Mama Chiriku


12 Machi

Mama Chiriku,

Nilipofika kwenye neno "haumwi" nililia. Nilipofika mwisho nilitamani ungekuwa karibu nikuvute sikio. Huruma na hasira vimeniingia kwa mlango mmoja na mpaka leo havijaelewana.

Fomu imeletwa. Karatasi mbili, maswali kumi na moja. La sita ndilo lenyewe: "Je, uko tayari kumpokea mtoto huyu nyumbani kwako?" Ndiyo au hapana, halafu mistari mitatu ya sababu. Natakiwa niirudishe kabla ya mwezi kwisha. Yule afisa ameniandikia pembeni kwa kalamu kwamba jibu langu litapewa uzito mkubwa. Mwanangu naye ameandika, mistari mitatu kama desturi yake. Anasema atakubali nitakaloamua.

Sijaijaza. Kalamu ninayo, wino upo.

Nataka unijibu jambo moja na usizunguke. Huyu mtoto nilimpa jina la Chiriku kwa sababu alianza kusema kabla ya kutembea na tukakosa wa kumnyamazisha. Je, akifika nyumbani jioni anaongea?

Bibi yake


19 Machi

Mama,

Shikamoo. Haongei. Ananong'ona. Akitaka maji ananivuta nguo. Juzi kikombe kimevunjika mkononi mwake, akatazama vipande, akanitazama mimi, hakusema hata "eh". Nimemwambia kliniki imekwisha, sema unavyotaka. Ananijibu, "Sawa," kwa sauti ya mtu aliye kwenye foleni. Ndicho kinachoninyima raha kuliko fomu zote.

Hizi wiki mbili amekuwa akishinda ofisini kwa mwalimu mkuu, kwa hisani, na hisani hiyo inaishia siku ya kufunga.

Nikueleze nilivyohangaika. Kwanza nilidhani niko peke yangu. Nikaanza kusimama getini saa moja kasoro, kabla ya zamu, nauliza kila mzazi: wako akitoka saa saba anakwenda wapi? Wa kwanza watano walisema, "Yuko na dada yake." Baadaye nikajifunza kuanza kwa kusema wa kwangu alikuwa wapi. Hapo ndipo midomo ikafunguka. Kinyozi wa pale njia panda, mwanawe anakaa kwenye kiti cha wateja, mteja akija anasimama. Mwanamke wa kukatisha tiketi za mabasi, wake analala chini ya kaunta. Kuna pacha wanaofungiwa ndani, mama yao anampigia jirani simu kila saa awasikilize mlangoni kama wanapumua. Kuna fundi rangi anapanda na wa kwake kwenye majukwaa. Tumefika kumi na saba, Mama. Wote tulikuwa tukidanganyana kwa tabasamu pale getini.

Tukakutana Jumapili darasani, tukakaa kwenye viti vya watoto magoti yakigusa kidevu. Kinyozi hufunga Jumatatu, ameichukua. Wa tiketi ana zamu ya asubuhi Jumanne. Mama wa pacha ni mpishi wa hoteli, Alhamisi anaingia jioni. Ijumaa fundi rangi amesema atashuka saa sita na hapandi tena. Kila mmoja ana wa kumshikia akiugua, na kila mmoja ameweka sahihi.

Jumatano haina mtu. Tumeigeuza huku na huku, wote kumi na saba Jumatano wamebanwa. Mimi ndio kabisa, maana ndiyo siku ya mashuka ya chumba cha upasuaji. Nimemwomba msimamizi wangu aniache nitoke saa saba siku hiyo moja. Akasema hapana bila kuinua macho. Nimerudi kesho yake, hapana. Leo nimerudi tena, akaniuliza kama masikio yangu yamejaa povu.

Nina siku kumi na sita na Jumatano moja. Naomba usijaze fomu.

Mama Chiriku


26 Machi

Mama,

Shikamoo. Nimeipata Jumatano. Sijui kama kalamu yako imeshagusa ile karatasi, lakini nitakueleza kana kwamba haijagusa.

Shuka la upasuaji linapigwa pasi na watu wawili, mmoja huku mmoja kule, na mwisho mnakutana kati kukunja. Ndiyo maana msimamizi hataki kusikia. Mimi nikitoka, mwenzangu anabaki ameshika ncha mbili. Sasa huyu mwenzangu hana mtoto, ana mdomo tu, na ndiye aliyenitoa gizani. Akasema, "Kwa nini tumsihi? Tumpigie hesabu." Mapumziko yetu ya mchana ni saa moja. Tukiyaacha Jumatatu, Jumanne, Alhamisi na Ijumaa ni saa nne. Nusu saa inayobaki tutaingia mapema Jumatano yenyewe. Mashuka yanashushwa Jumanne asubuhi, kwa hiyo nusu yake tunaweza kuyamaliza kabla siku yenyewe haijafika. Nikamwambia, wewe unaacha mapumziko yako kwa ajili gani? Akasema amechoka kuniona juu ya kreti la sabuni.

Tukaingia kwa msimamizi wote wawili. Nikamwambia atupe Jumatano moja ya majaribio. Shuka moja likipungua aniandikie barua ya onyo, nitaisaini mbele yake. Alichezea kalamu. Akasema, moja tu.

Jumatano hiyo ni leo. Kufika saa saba kasoro dakika ishirini, mashuka mia tatu na kumi na mawili yalikuwa rafuni. Alikuja kuyahesabu mwenyewe, rafu kwa rafu, akilamba kidole. Alipomaliza akasema, "Haya, nenda kabla sijabadili mawazo," na akasaini ruhusa ya kila Jumatano. Mama, nilikimbia na aproni.

Afisa ameupokea mpango saa tisa na nusu, mwalimu mkuu ndiye aliyempelekea. Amesema siku tano zimetimia. Limebaki jibu lako. Ukisema unamtaka, atalazimika kutuita sote upya, na baba yake ameshasema atakufuata wewe.

Nikwambie na hili. Leo mimi ndiye nilikuwa mtu mzima wa darasani. Watoto kumi na wanane, na mwanzo walikaa kimya wote, kila mmoja mahali pake. Nikaelewa kwamba hata hao wengine wamefundishwa kama nilivyomfundisha wangu. Nikavuta madawati ukutani, nikawaambia humu hakuna mgonjwa na hakuna mteja. Nusu saa nzima haikusaidia kitu. Halafu mmoja wa pacha akamuuliza Chiriku ile kliniki ilikuwaje. Akaanza kusimulia polepole, akasimama, akaigiza mzee mwenye bandeji, akamwigiza muuguzi, watoto wakaangua kicheko, akapaza sauti ili asikike juu ya kicheko chao. Mwalimu mkuu akachungulia kuona kuna nini. Nikafungua mdomo kumwambia mwanangu apunguze, nikaufunga.

Nimefanya kosa na nimelirekebisha kwa mikono hii. Niachie mwanangu.

Mkweo,
Mama Chiriku


26 Machi

Mama Chiriku,

Fomu nimeijaza leo asubuhi na nimeshampa mtu wa posta. Swali la sita nimejibu hapana.

Sijui kama Jumatano umeipata. Barua yako ya mwisho ilisema haina mtu, na pengine mpaka sasa haina. Nimejibu hivyohivyo. Kama itabaki tupu mpaka siku ya kufunga, niandikie, nitapanda basi kila Jumanne na kurudi Alhamisi mpaka magoti yakatae. Kumchukua kwako, hapana.

Ile mistari mitatu ya sababu haikunitosha, nimeandika "umri". Sababu yenyewe nakupa wewe, kwa kuwa sijampa mtu mwingine.

Pale shule ya bweni, wafanyakazi hatukuruhusiwa kuleta watoto wetu. Mume wangu alikuwa ameshafariki na sikuwa na mtu. Mwanangu alipoanza shule alikuwa akitoka mchana, anapitia mlango wa nyuma wa stoo, na mimi namkalisha nyuma ya magunia mpaka nimalize vyombo vya jioni. Nilimwambia akikohoa tu nafukuzwa kazi na hatutakula. Alikuwa na miaka saba. Kupitia ukutani alisikia watoto mia mbili wakipiga kelele na mimi nikicheka nao, maana nilisifika kwa utani, mimi. Kwake nilikuwa nachungulia mara mbili kwa siku na kuweka kidole mdomoni. Miaka minne, Mama Chiriku. Nilijisifu kwa watu kwamba nina mtoto mtulivu asiyenisumbua.

Ulipoolewa uliniuliza kwa nini mumeo hasemi, nikakujibu ndivyo alivyozaliwa. Hakuzaliwa hivyo. Alizaliwa na mdomo kama wa binti yake. Nilipompa mtoto wenu lile jina nilikuwa nashukuru kwamba kimerudi kitu nilichokipoteza, ndiyo maana nilimtaka hapa, mnione mbinafsi mkipenda. Lakini wewe benchi lako limechukua miezi miwili, ukakiri, ukaenda getini kujianika mbele ya watu. Mimi sikwenda getini kwa mtu yeyote.

Kitanda nimekitandua. Likizo atakuja nacho kitatandikwa tena, na nyote mje.

Usimwambie mumeo kwamba nimekuandikia haya, nitamwambia mwenyewe. Barua yake nimeianza mara tatu wiki hii. Hajawahi kunilaumu, unajua. Kila mwezi miaka yote hii ananiandikia mistari mitatu, kwamba yeye mzima, kwamba kazi inaendelea, kwamba nisiwe na wasiwasi juu yake, na hapo kwenye mistari mitatu ndipo mwanangu anaponyamaza kama nilivyomfundisha.

Mamako,
Bibi yake Chiriku